Mwisho Uliotangulia: Azimio la Arusha na Mbinu za Kutunga Riwaya ya Kiswahili Tanzania, 1967–1991

1.0 Utangulizi

Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Arusha na kupitisha maandishi yaliyokuja kujulikana kama Azimio la Arusha. Ukumbi wa jamii ulioko Kaloleni, unaokumbukwa kwa tukio hilo, uligeuzwa kuwa Makumbusho ya Azimio la Arusha mwaka 1977. Azimio lilitangazwa rasmi tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Yaliyofuata katika siasa na uchumi yameandikwa kwa wingi. Fasihi nayo imechunguzwa, lakini mara nyingi kwa kigezo kimoja, yaani msimamo: mwandishi yupi aliunga mkono Ujamaa, yupi alisitasita, yupi aliukosoa.

Insha hii inauliza swali tofauti. Azimio lilimfanyia nini mtunzi alipokuwa mezani na rasimu yake, akiamua hadithi ianzie wapi, nani awe mhusika mkuu, hotuba za wakubwa ziingizwe vipi, na mambo yaishie wapi? Hoja inayotetewa ni kwamba Azimio liliwapa watunzi wa riwaya mwisho wa hadithi kabla hawajaupata mwanzo wake. Mtunzi aliyeketi kuandika kuhusu maisha ya Tanzania baada ya 1967 alijua, na msomaji wake alijua, kwamba njia ya hadithi inaelekea kijijini, kwenye kazi ya pamoja na kujitegemea. Kinachotenganisha riwaya nzuri na hafifu za kipindi hicho si msimamo wa kisiasa peke yake. Ni namna mtunzi alivyoushughulikia mwisho huo uliotangulia. Ushahidi unaotumika hapa ni wa aina mbili: tarehe za kutungwa na kuchapishwa kwa kazi husika, na maamuzi ya kiufundi yanayoonekana ndani ya kazi zenyewe.

2.0 Azimio kama maandishi

Ni rahisi kusahau kwamba Azimio ni kazi ya lugha. Lilijadiliwa na kuchapishwa kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja baadaye, tena ikabidi irekebishwe kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa na utata. Kiongozi aliyelisimamia, Mwalimu Julius Nyerere, hakuwa mgeni katika uandishi: tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, ikarudiwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Mtu aliyeshughulika na tamthiliya za namna hiyo anajua jinsi ya kupanga pande mbili zinazovutana.

Na kweli mvutano umo. Azimio lina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya Ujamaa, siasa ya Kujitegemea, uanachama, na azimio lenyewe. Katika sehemu ya tatu hoja inajengwa kwa jozi: fedha dhidi ya kazi, viwanda dhidi ya kilimo, mji dhidi ya shamba, mkopo dhidi ya jasho la mkulima atakayeulipa. Ukizisoma jozi hizo kwa macho ya mtunzi, unaona mwendo. Kuna mahali pa kuanzia, ambapo ni tamaa ya fedha na maisha ya mjini. Kuna kosa linalogunduliwa. Kuna marejeo.

Sehemu ya tano ilikuwa na athari ya moja kwa moja zaidi. Iliweka masharti ya uongozi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asimiliki nyumba ya kupangisha. Kwa mwanasiasa haya yalikuwa maadili. Kwa mtunzi yalikuwa zana. Kabla ya 1967, mhusika mbaya katika nathari ya Kiswahili alihitaji kutambulishwa kwa matendo: dhuluma, wizi, husuda, ukatili wa sultani. Baada ya masharti hayo, sentensi moja ilitosha. Mwandishi akisema kwamba mkubwa fulani ana nyumba tatu mjini na wapangaji wanamlipa kila mwezi, msomaji alikwisha kumhukumu.

Zana inayofanya kazi haraka kiasi hicho ina gharama yake. Mhusika anayehukumiwa kwa mali yake hahitaji historia, na mhusika asiye na historia hubaki bapa. Wahakiki wengi wamelalamikia ubapa wa wahusika katika riwaya za Ujamaa na kuuita propaganda. Lalamiko hilo ni sahihi, lakini linaweka sababu mahali pasipo pake. Ubapa huo haukutokana na imani ya mwandishi pekee. Ulitokana pia na urahisi. Waraka wa chama ulikwisha kuifanya sehemu ngumu ya kazi, na si kila mtunzi aliyeona haja ya kuifanya upya.

Washairi waliingia mapema kuliko watunzi wa riwaya. Mwaka 1968 Nyerere alikutana nao na kuwaomba waieleze siasa mpya kwa wananchi. Mathias Mnyampala akaukuza utanzu wa ngonjera, na Ngonjera za UKUTA zikatoka mwaka 1970 na 1971. Katika ngonjera pande mbili hujibizana hadi upande mmoja ukubali umekosea. Mwisho unajulikana tangu ubeti wa kwanza, na hadhira haijali, kwa sababu jambo lote linamalizika kwa dakika chache, tena mbele ya watu, kwa sauti na vitendo. Riwaya haina bahati hiyo. Msomaji hukaa nayo kwa kurasa mia mbili, peke yake, na akishajua kwamba mjadala umekwisha kabla ya kuanza, hana sababu ya kufungua ukurasa wa kumi na moja. Tatizo la riwaya ya Azimio, kwa hiyo, lilikuwa tatizo la urefu kabla ya kuwa la siasa.

3.0 Marejeo ya shambani kabla ya Azimio

Ingekuwa kosa kudhani kwamba msuko wa kurudi shambani ulizaliwa mwaka 1967. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1968, na tarehe hiyo humshawishi msomaji kuiona kama mwangwi wa Azimio: karani anaacha kazi ya ofisini Unguja na kwenda kulima Busutamu, anaishi kwa mikono yake, na maisha yake yanakuwa somo kwa waliomzunguka. Lakini Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miaka minne na nusu kabla ya kikao cha Arusha. Kilichotokea ni kwamba kazi iliyotungwa kwa maadili ya mtu binafsi ilifika mikononi mwa wasomaji waliokuwa wamekwisha kupewa maadili ya taifa, wakaisoma kwa jicho hilo.

Kiufundi, tofauti ni kubwa. Utubora anaondoka mjini mapema katika hadithi. Uamuzi wake si kilele, ni chanzo. Shaaban Robert hakutaka kumwongoa mtu. Alitaka kuonyesha jinsi mtu aliyekwisha kuongoka anavyoishi, na maswali yote ya msuko yanahusu dunia inayomzunguka: itamwelewa, itamcheka, itamfuata? Riwaya za baada ya Azimio ziligeuza mpangilio huo. Kurudi kukawekwa mwishoni, kama malipo au kama fundisho.

Mfano unaofaa ni Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1975. Chonya anatoka kijijini Ugogo kutafuta maisha mjini, mji unamwangusha, na hadithi inamrejesha nyumbani. Ukiutazama mwisho huo peke yake, ni mwisho ambao Azimio lingeuidhinisha bila marekebisho. Balisidya hata hivyo alifanya jambo moja la maana: uzito wa kitabu aliuweka katika njaa, ukosefu wa kazi na udhalili wa mjini, vitu ambavyo msomaji aliweza kuvipima kwa maisha yake. Marejeo yanakuja kwa sababu Chonya hana pengine pa kwenda, si kwa sababu amehutubiwa. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuushughulikia mwisho uliotangulia: kuuacha ulivyo, lakini kuunyima sababu za kinadharia na kuupa sababu za mwilini. Haikuwavutia wengi walioandika baada yake. Hotuba ilikuwa rahisi zaidi kuandika kuliko njaa.

4.0 Tukio la Isimani na rasimu ya Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, alikuwa tayari na riwaya mbili, Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), alipotoa Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Kitabu hiki cha tatu kinaonyesha njia ya pili, na kwa mtafiti wa utunzi ndicho chenye mafunzo zaidi kwa kuwa chanzo chake cha kihistoria kinajulikana.

Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi huko Isimani na mkulima aitwaye Saidi Mwamwindi, wakati wa msukumo wa kuanzisha vijiji vya ujamaa katika eneo lililokuwa na wakulima wakubwa wa mahindi. Mwamwindi alihukumiwa kifo. Kwa mwandishi wa wakati huo tukio hili lilikuwa kama jiwe la moto: kila mtu alilijua, na aliyelishika vibaya angeungua. Njia iliyokuwa wazi ilikuwa kusimulia kisa kile kutoka asubuhi ile, mkulima na mkuu wa mkoa uso kwa uso, kisha mahakama. Riwaya ya namna hiyo ingekuwa ya kurasa themanini, na ingemlazimisha mwandishi kuchagua upande tangu mwanzo.

Kezilahabi alifanya mambo matatu. Kwanza, alihamisha mahali: mkulima wake ni mtu wa Kanda ya Ziwa, nchi aliyoijua mwandishi tangu utoto. Kwa kuhamisha mahali alijipa uhuru wa kubuni familia, ardhi, majirani na deni bila kubishana na kumbukumbu za watu wa Iringa. Pili, alirudisha mwanzo nyuma sana. Tumaini tunamjua akiwa kijana, tunamwona akirithi mali, akiitapanya, akianguka, akijifunza kufanya kazi na kuanza kuinuka. Azimio linapoingia katika hadithi, kitabu kimekwisha kwenda mbali, na msomaji amezoea kumhesabia mtu huyu makosa na juhudi zake. Tatu, na hapa ndipo ufundi ulipo, mali ya Tumaini ya awamu ya pili ni mali aliyoitolea jasho. Jozi ya Azimio, fedha dhidi ya kazi, haifanyi kazi tena kwake, kwa kuwa yeye ana vyote viwili katika shamba moja.

Matokeo ni kwamba mwisho uliotangulia unafika, shamba linachukuliwa na Azimio linatekelezwa, lakini haufiki kama utatuzi. Unafika kama ajali ya watu wawili wenye haki tofauti. Risasi inapolia, msomaji hawezi kusema mhusika mbaya ni nani, na jina Tumaini linabaki likimkera. Kitabu hakikuhitaji kuandika hata sentensi moja ya kupinga Ujamaa. Kazi hiyo ilifanywa na mpangilio wa muda: ni kurasa ngapi alipewa nani, na katika hatua ipi ya hadithi. Wahakiki waliokitafuta kitabu hiki msimamo ndani ya mazungumzo ya wahusika walitafuta mahali ambapo mwandishi hakuuweka.

5.0 Gamba la Nyoka na chapa ya Arusha

Novemba 1973 Nyerere aliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Kuhamia kukawa lazima. Mtunzi sasa alikuwa na tatizo jipya. Katika miaka ya mwanzo, mwisho wa hadithi ulikuwa uamuzi wa mhusika, yaani anarudi kijijini kwa hiari. Baada ya Operesheni Vijiji, mwisho uleule ungeweza kuja kwa lori na mgambo.

Mkoa wa Arusha ulikuwa na kumbukumbu yake ya kuhamishwa. Novemba 1951, chini ya serikali ya Waingereza, Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu ili ardhi yao, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ipewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Masimulizi ya kesi hiyo, aliyoyaandika pamoja na Earle Seaton, yalichapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio. Si riwaya. Hata hivyo yanaonyesha kanuni ambayo watunzi wa riwaya walichelewa kuitumia: habari ya kuhamishwa husimuliwa vizuri na aliyehamishwa, kwa sababu yeye ndiye anayejua kilichokuwa ndani ya nyumba iliyobomolewa. Riwaya nyingi za Ujamaa zilisimuliwa kutoka upande wa anayehamisha, au wa kijana msomi anayemsaidia.

Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1979, iliugeuza upande huo. Wanakijiji wanaopinga kuhamishwa wanapewa sauti, hofu zao, ubishi wao na hata ujinga wao, bila kufanywa vikaragosi. Nao wasomi wamo, na ni wawili: Mamboleo na Mambosasa. Hapa kuna uamuzi wa kiufundi unaostahili kuangaliwa kwa makini. Nafasi ambayo riwaya ya kawaida ya Ujamaa ilimpa mtu mmoja, yaani kijana aliyesoma na anayeleta mabadiliko, Kezilahabi aliigawa mara mbili, kisha akawapa hao wawili majina ambayo karibu yana maana moja. Mhusika mmoja angelazimika kuwa sahihi au kukosea. Wawili wanaweza kwenda njia tofauti mwandishi akiwa kimya, na msomaji akabaki na kazi ya kuamua usasa upi ni wa kweli. Jina la kitabu nalo linafanya hivyohivyo: nyoka akijivua gamba, ni mpya, au ni yuleyule?

Kuna jambo la historia ya uchapishaji ambalo halijapewa uzito unaostahili. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa limechapisha vitabu vya awali vya Kezilahabi, pamoja na Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa Arusha, ilipovunjika mwaka 1977, upande wa Tanzania kazi ya shirika hilo ilirithiwa na Eastern Africa Publications Limited. Ndiyo iliyochapisha Gamba la Nyoka, na mji unaotajwa kwenye chapa yake ni Arusha. Kwa maneno mengine, riwaya iliyouliza maswali magumu zaidi kuhusu vijiji vya ujamaa ilitoka katika mji uleule uliolipa Azimio jina lake, miaka miwili tu baada ya ukumbi wa Kaloleni kufunguliwa kama makumbusho, na kupitia kampuni iliyozaliwa kutokana na kuvunjika kwa ndoto nyingine ya pamoja. Kusema kwamba fasihi ya kipindi hiki ilikuwa imefungwa mdomo hakupatani na ukweli huo. Mwaka uliofuata Claude Mung'ong'o alitoa Njozi Iliyopotea kupitia Tanzania Publishing House, na jina la kitabu hicho halihitaji maelezo.

6.0 Mialiko ya kulinganisha

Tatizo la mwisho uliotangulia si la Tanzania Bara pekee. Zanzibar, Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwapa watunzi kilele cha namna hiyohiyo. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) aliupokea na kuusogelea kwa kuongeza dhuluma hatua kwa hatua hadi Mapinduzi yaonekane hayana budi. Katika Kuli (1979) alitafuta hila nyingine: akachagua mgomo wa makuli wa mwaka 1948, tukio la nyuma zaidi, ambalo ushindi wake si kamili. Msomaji anajua 1964 inakuja lakini haioni kitabuni, na pengo hilo linaipa hadithi mvuto. Huko Urusi, juzuu ya kwanza ya riwaya ya Mikhail Sholokhov kuhusu kuunganishwa kwa mashamba ilitoka mwaka 1932, zoezi lenyewe likiwa bado linaendelea. Ya pili ilichelewa kwa zaidi ya robo karne. Huenda hakuna ushahidi ulio wazi zaidi wa ugumu wa kumaliza hadithi ambayo serikali imekwisha kuimaliza.

Riwaya pendwa ilikwepa tatizo hili kabisa. Willy Gamba wa A. E. Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), ni mpelelezi anayelinda nchi na harakati za ukombozi dhidi ya adui wa nje. Hana wa kuongoa na hana kijiji cha kurudia.

7.0 Kuondoka kwa mwisho

Kezilahabi mwenyewe hakurudia njia ya Gamba la Nyoka. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, zote fupi, zote zikiwa na msimulizi anayesafiri katika dunia isiyo na mkuu wa mkoa wala tarehe. Wahakiki wamezieleza kwa falsafa, kwa visasili na kwa masomo aliyoyafanya Marekani, na maelezo hayo yana uzito. Kwa upande wa ufundi wa utunzi kuna jambo la karibu zaidi: ni riwaya za mwandishi ambaye kwa mara ya kwanza tangu 1975 hakuwa na mwisho aliopewa. Safari inazunguka, inarudi, inajikata. Mwandishi aliyetumia vitabu viwili kujifunza kuchelewesha, kugawa na kupindua mwisho wa wengine alilazimika sasa kuutafuta wake, na umbo la mzingile ni umbo la utafutaji huo.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi yaliyopitishwa Arusha mwaka 1967. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupokea zaidi ya mshahara mmoja na kupangisha nyumba. Kwa mtunzi, zana ile ya sentensi moja iliondolewa mezani. Mwanafunzi anayeisoma leo riwaya ya miaka ya 1970 mara nyingi haoni kwa nini mkubwa mwenye nyumba tatu anahukumiwa kabla hajafanya lolote, na mwalimu hulazimika kusimamisha somo na kumweleza habari za kikao cha Arusha.